Chesisi Inajisokota, Betri Haitakiwi Kujisokota: Mwongozo Kamili kwa Mhandisi wa Chesisi wa Magari ya Safari ya Umeme

Gari la kupeleka wageni mbugani lina maisha magumu kuliko gari lolote la mjini. Linabeba watu sita au saba wanaosimama na kuegemea upande mmoja simba akionekana, linapita barabara iliyojikunja kama bati, linatumbukia kwenye korongo gurudumu moja likiwa hewani, kisha kesho yake linarudia. Sasa ling'oe injini ya dizeli, litie betri ya mamia ya kilo. Anayepaswa kujibu kama gari hilo litarudi salama ni mhandisi wa chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima.

Kazi hii si ndoto ya mbali. Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na kuitwa Roam tangu 2022, ilianza kwa kugeuza magari kama Land Cruiser kuwa ya umeme, na wapo wenye kambi Maasai Mara wanaotembeza wageni kwa magari ya namna hiyo. Marekani, Winnebago walionyesha gari lao la kulala la umeme mwaka 2022, na Elkhart, jimbo la Indiana, ndiko kitovu cha viwanda vya magari ya mapumziko. Hesabu za chesisi ni zilezile kote. Mfano wangu ni Land Cruiser 79, kwa sababu ndilo gari lililo mikononi mwa mafundi wetu, na kwa sababu barabara zetu hazisamehe.

Kwanza, elewa kazi yenyewe

Mtu wa betri anajali seli. Mtu wa mota anajali nguvu. Wewe unajali kila kilo inakaa wapi, inashikwa na nini, na inafanya nini gari linapotikisika. Chesisi, ekseli, springi, shokapu, breki, stelingi na vishikizo vyote ni vyako. Ukikosea, hakuna programu itakayorekebisha.

Njia ya kuingia ni shahada au stashahada ya uhandisi mitambo. Tanzania kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha. Kenya kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) na Chuo Kikuu cha Nairobi. Baada ya hapo jisajili kwenye bodi ya wahandisi ya nchi yako, maana sahihi yako itakuwa kwenye gari linalobeba watu. Lakini nakusihi: kabla ya kujifunza kuchora kwa kompyuta, kaa miezi sita chini ya magari na fundi wa springi. Fundi aliyebadilisha majani ya springi kwa miaka ishirini anajua nyufa huanzia wapi. Msikilize, andika anachosema, halafu tafuta hesabu inayoeleza kwa nini yuko sahihi.

Hatua ya 1: Pima gari kabla ya kufungua hata nati moja

Usichukue uzito kutoka kwenye kitabu cha kiwanda. Gari la safari limerefushwa, limewekewa paa la kunyanyuliwa, viti, friji, tangi la pili na bampa la chuma. Kila karakana ina mkono wake, na magari mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kupishana sana kwenye mizani.

Tumia mizani nne, moja kila gurudumu, sakafu ikiwa sawa kwa kipimo cha maji. Andika namba nne gari likiwa tupu, halafu namba nne likiwa na watu na mizigo kamili. Ukiondoa injini, giaboksi, tangi na egzosi, pima kila kimoja peke yake na andika umbali wake kutoka ekseli ya mbele. Hiyo ndiyo daftari yako ya uzito, na utairudia mpaka siku gari linatoka.

Baada ya hapo tafuta urefu wa kitovu cha uzito. Wengi huruka kipimo hiki kwa kuwa kinachosha, na ndicho kinachoamua kama gari litapinduka. Funga springi kwa vipande vya mbao ngumu zisicheze. Weka magurudumu ya nyuma juu ya mizani, nyanyua ya mbele mpaka gari lilale kwa nyuzi 10. Kwa Land Cruiser 79, ambayo umbali kati ya ekseli ni mita 3.18, hiyo ni kunyanyua kama sentimita 55. Soma uzito wa nyuma umeongezeka kiasi gani. Zidisha ongezeko hilo kwa umbali kati ya ekseli, gawanya kwa uzito wote uliozidishwa na tanjenti ya nyuzi 10 (0.176), kisha ongeza kimo cha katikati ya gurudumu. Mfano: gari la kilo 2,600, ongezeko la kilo 57, katikati ya gurudumu iko sentimita 38. Jibu ni sentimita 78 hivi kutoka ardhini.

Hatua ya 2: Ijue chesisi unayoishika

Chesisi ya ngazi ni boriti mbili ndefu zilizounganishwa na mataruma ya kukingama. Kwenye malori mengi boriti zina umbo la C; kwenye Land Cruiser ni sanduku lililofungwa pande zote. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chukua sanduku la milimita 100 kwa 60, unene milimita 4. Likiwa limefungwa, uwezo wake wa kukataa kusokotwa ni zaidi ya mara 230 ya sanduku hilohilo likichanwa kwa urefu wote. Ndiyo maana fundi anayekata tundu refu kwenye boriti ili apitishe kebo anaharibu kitu asichokiona. Tundu dogo lenye mviringo, katikati ya ubavu wa boriti, halina neno. Pale mkazo wa kupinda ni mdogo. Uso wa juu na wa chini wa boriti usiuguse kwa drili wala kwa kuchomelea.

Kama chesisi imerefushwa, chunguza kiungo kwa makini kabla ya kukubali kazi. Kiungo kizuri kimekatwa kwa mshazari na kina bamba la kuimarisha ambalo ncha zake zimechongwa zikipungua taratibu. Kiungo cha kukata wima kama mkate, na bamba la mraba limechomelewa pembeni mwote, kikatae au kirudie chote. Mpasuko huanzia pale bamba gumu linapoishia ghafla.

Hatua ya 3: Tafuta mahali pa betri kwa hesabu

Kishawishi cha kwanza cha kila mtu ni kuweka betri pale ilipokuwa injini. Pako wazi, na boneti inafunika. Piga hesabu kwanza.

Tuseme betri ya kilowati-saa 60 (60 kWh) pamoja na sanduku lake ina kilo 450. Kanuni ni rahisi: zidisha uzito kwa umbali wake kutoka ekseli ya mbele, gawanya kwa umbali kati ya ekseli, unapata kinachobebwa na nyuma. Ukiiweka mita 0.9 nyuma ya ekseli ya mbele, mbele inabeba kilo 323 na nyuma 127. Ukiiweka mita 2.1, mbele inabeba 153 na nyuma 297. Linganisha na ulichoondoa: injini nzito mbele. Lengo ni gari tupu lirudi karibu na mgawanyo wake wa zamani, na gari lililojaa lisizidishe uzito ulioandikwa kwa kila ekseli. Uzito wa ekseli ni mpaka wa kisheria na wa chuma chenyewe, usibishane nao.

Halafu urefu. Tuseme gari bila betri lina kilo 2,150 na kitovu chake kiko sentimita 82. Betri ikikaa chini kati ya boriti, kitovu chake sentimita 55, gari zima linashuka hadi sentimita 77. Ikikaa juu kwenye chumba cha injini, sentimita 95, gari linapanda hadi 84. Gawanya nusu ya upana kati ya matairi kwa namba hizo. Kwa upana wa mita 1.5 unapata 0.97 dhidi ya 0.89. Namba hiyo ikishuka, gari linapinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona au kwenye mteremko wa ubavuni. Mara nyingi nimeishia kugawa betri mara mbili: sehemu kubwa kati ya boriti na sehemu ndogo chini kabisa ya chumba cha injini.

Lakini chini nako kuna mipaka. Sanduku lisishuke chini ya tumbo la difu wala chini ya mstari unaounganisha matairi na sehemu ya chini kabisa ya katikati ya gari, la sivyo litabeba gari zima kwenye ukingo wa korongo. Weka ngao ya chuma chini yake, na ngao hiyo ifungwe kwenye chesisi, isiguse sanduku la betri. Acha nafasi ya angalau milimita 20 kati ya hivyo viwili.

Hatua ya 4: Vishikizo vya betri

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Gari langu la kwanza, katika karakana moja ambayo sitaitaja, nilifunga sanduku la betri kwa bolti nne kwenye pembe nne. Lilionekana imara kama jabali. Baada ya wiki chache za safari dereva alisikia mlio chini. Braketi ya nyuma kushoto ilikuwa imepasuka pembeni mwa mshono wa kuchomelea, na ufa ulikuwa umeanza kuingia kwenye boriti yenyewe. Tuliwashusha wageni wa kesho yake kwenye ratiba, na nilikaa usiku mzima nikiutazama ufa ule.

Sababu ni hii. Gurudumu moja likipanda jiwe na la upande wa pili likidumbukia, chesisi ya ngazi hujisokota. Ndivyo ilivyoundwa, kujisokota kwake ndiko kunakofanya magurudumu yote manne yaendelee kugusa ardhi. Sanduku la betri ni gumu na halitakiwi kujisokota, maana ndani kuna seli na viungo vya umeme. Ukivifunga pamoja kwa pembe nne, unaifanya betri kuwa taruma jipya ambalo halikuombwa. Kitakachoshindwa ni kile dhaifu zaidi: braketi, mshono, au mfuniko wa betri.

Dawa ni pointi tatu. Meza ya miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Weka vishikizo viwili kwenye mwisho mmoja wa sanduku, kimoja kila boriti, na cha tatu katikati ya taruma kwenye mwisho wa pili, juu ya bushi inayoruhusu kuzunguka. Chesisi ikijisokota, betri inafuata mwisho wenye pointi mbili na kuzunguka kwenye ya tatu. Bushi ziwe za mpira mgumu au poliyurethani. Laini mno itaiacha betri icheze.

Unajuaje imelegea au la? Barabara iliyojikunja, yenye mawimbi ya kama sentimita 75, ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa inakupiga karibu mara 15 kwa sekunde. Magurudumu yenyewe nayo hupenda kurukaruka karibu na kasi hiyo ya mtikisiko, kwa hiyo pigo linakuzwa. Mtikisiko wa asili wa betri kwenye vishikizo vyake uwe mbali juu ya hapo; mimi nalenga mara 30 kwa sekunde. Karakana isiyo na vifaa vya bei kubwa inaweza kuangalia hivi: funga geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita) pembeni ya braketi, shusha uzito wa betri juu yake polepole, soma imeshuka milimita ngapi. Ikishuka 0.3, mtikisiko wake ni kama 29. Ikishuka milimita 1, ni kama 16, na hapo umeiweka betri palepale barabara inapopiga. Ongeza ugumu.

Kwa nguvu, hesabu mambo mawili tofauti. La kila siku: betri ikipigwa wima kwa mara tatu ya uzito wake, yaani kilo 1,350 kwa mfano wetu, tena na tena bila kuchoka. La ajali: Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 100 inapima betri za magari madogo ya abiria kwa mshtuko wa mara 20 ya mvutano wa dunia kwa mbele na nyuma, na mara 8 kwa ubavuni. Kwa kilo 450, mara 20 ni kama tani 9. Braketi inaweza kupinda siku hiyo, ila isiiachie betri. Tumia bolti za daraja 8.8 au 10.9, zipitie ndani ya bomba fupi lililowekwa ndani ya boriti ili sanduku la boriti lisibonyee unapokaza. Kila nati ipakwe mstari wa rangi unaovuka mpaka kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imelegea.

Kuchomelea kukihitajika, tumia vijiti vya kuchomelea vya E7018 vilivyokaushwa, na usianze wala kumaliza mshono kwenye pembe ya braketi. Kabla ya kuwasha mashine, tenganisha betri zote na kompyuta zote za gari.

Hatua ya 5: Mota na mapropela

Injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, inatoa toki (nguvu ya kuzungusha) ya niutoni mita 285 ikiwa kwenye mizunguko 2,200 hivi. Mota ya umeme inaweza kutoa toki kama hiyo gari likiwa limesimama kabisa. Ukibakiza giaboksi na transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), ukiwa gia ya kwanza na lo, yaani gia ya polepole ya transfa, toki inayofika kwenye difu na hafu shafti inaweza kuvunja vyuma ambavyo dizeli haikuwahi kuvigusa. Mwambie mtu wa programu aweke kikomo cha toki kwenye gia za chini na apandishe nguvu taratibu. Vishikizo vya mota uvihesabu kwa toki ya kurudi nyuma pia, kwa sababu mota inapogeuka jenereta inasukuma kinyume.

Pembe za propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu hadi difu, ziachwe kama zilivyokuwa kiwandani. Springi zikibadilika kimo, pembe hubadilika, pima upya.

Hatua ya 6: Springi na shokapu

Tabia ya mafundi wengi ni kuongeza jani la springi kila uzito unapoongezeka. Kwanza hesabu. Kona ya nyuma inayobeba kilo 700, ukitaka gari licheze mara 1.6 kwa sekunde, inahitaji springi ya niutoni 71 kwa kila milimita. Ukiongeza majani mpaka 110, mtikisiko unafika mara 2 kwa sekunde, mgeni anaumia mgongo na kila braketi inapata mapigo makali zaidi. Bora springi yenye hatua mbili, ambayo jani la chini linagusa tu gari likijaa.

Shokapu zichaguliwe baada ya springi, na ziwe zenye mafuta mengi, kwani kwenye barabara iliyojikunja huchemka hadi zinapoteza kazi.

Hatua ya 7: Breki na stelingi

Dizeli ya zamani ilikuwa inazungusha pampu ya vakyumu ya breki na pampu ya stelingi. Ukiing'oa, vyote viwili vinakufa kimyakimya. Weka pampu ya vakyumu ya umeme yenye tangi la akiba na king'ora cha dereva, na pampu ya stelingi ya umeme. Zote zilishwe na betri ndogo ya volti 12 pia, ili betri kubwa ikijikata, dereva bado aweze kusimama.

Kisha fikiria Ngorongoro. Kutoka ukingoni hadi chini ni kama mita 600. Gari la kilo 3,000 likishuka hapo linaachia nishati karibu 5 kWh, na mota ikifanya kazi ya jenereta inaweza kurudisha sehemu yake nzuri. Lakini hoteli nyingi ziko juu ukingoni, na gari linalochajiwa usiku kucha linaanza safari betri ikiwa imejaa. Betri iliyojaa haipokei umeme, kwa hiyo breki ya mota haipo, na dereva aliyeizoea anashtuka kwenye kona ya kwanza. Fanya mambo mawili: breki za kawaida zihesabiwe kana kwamba mota haisaidii hata kidogo, na kuchaji kukomee asilimia 90 kwa magari yanayolala juu.

Hatua ya 8: Maji, vumbi na umeme mkubwa

Sanduku la betri liwe na kiwango cha IP67, maana yake vumbi haliingii na linaweza kukaa kwenye maji ya mita moja kwa dakika 30. Liwe na tundu la kupumua lenye utando, la sivyo baridi ya asubuhi na joto la mchana vitalifanya livute unyevu. Kebo za rangi ya machungwa, zinazobeba umeme mkubwa, zipite ndani ya mstari wa boriti, zishikwe kila sentimita 30 hivi, zisipite kwenye ncha kali wala karibu na mabomba ya breki.

Kabla gari halijatoka nje, pima ukinzani kati ya umeme mkubwa na bodi. Kwa mfumo wa volti 400 wenye mkondo wa moja kwa moja (DC) na mkondo geu (AC) vilivyoungana, kiwango cha chini ni omu 500 kwa kila volti, yaani omu 200,000. Gari jipya linapaswa kuwa juu sana ya hapo. Rudia kipimo gari likiwa limetoka kuvuka maji.

Hatua ya 9: Majaribio

Anza karakanani. Nyanyua gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia kwa jeki mpaka chesisi ijisokote kwa kadiri inavyoweza. Pita chini na tochi: kuna kitu kinachogusana? Kebo imekazika? Pima umbali wa pembe za sanduku la betri kwa mshazari, kabla na baada. Ukibadilika, vishikizo havifanyi kazi yake.

Kisha barabara. Kilomita 50 za kwanza, kagua nati zote. Kilomita 300 za barabara mbovu ukiwa na magunia ya mchanga badala ya abiria, kagua tena. Kilomita 1,000, safisha mishono yote kwa brashi na upulizie dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa, futa, upulizie ile nyeupe, na subiri. Ufa utajitokeza kama uzi mwekundu. Ukiuona, usiuchomelee juu kwa juu. Rudi kwenye hesabu, tafuta kwa nini pale, badilisha umbo, halafu anza kilomita 1,000 upya.

Mpe dereva karatasi moja yenye picha ya gari kwa chini: nati zipi za kutazama mstari wa rangi kila asubuhi, mlio gani usipuuzwe, na namba ya simu yako.